Wazungu walikata misitu yao wakatajirika, kwa nini sisi wa Kaliua tukatazwe?

Swali limetoka kwa kijana mkulima wa tumbaku, Kaliua, mkoani Tabora. Ameandika hivi: "Shikamoo mzee. Juzi walikuja watu wa semina ya mabadiliko ya tabianchi, wakatuambia tuache kukata miti. Nikauliza: Wazungu walikata misitu yao, wakachoma makaa ya mawe miaka mia mbili, leo wana barabara, umeme na hospitali. Sisi tukikata ili tusomeshe watoto tunaambiwa tunaharibu dunia. Kwa nini tusikate kwanza, tutajirike, halafu tuhifadhi baadaye kama wao? Walicheka tu, hawakunijibu. Naomba unijibu wewe."

Marahaba, kijana wangu. Walikosea kucheka. Swali lako limebebwa na mawaziri wa nchi maskini kwenye kila mkutano wa tabianchi tangu mkataba wa mwaka 1992, na mkataba wenyewe ulikubali nusu ya hoja yako: wajibu ni wa nchi zote, lakini haulingani. Aliyechafua zaidi abebe zaidi. Tanzania ukiiweka peke yake kwenye mizani ya dunia, haifiki asilimia moja ya hewa ukaa inayotoka. Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya tarehe yao wenyewe, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo. Mwaka 2024 kule Baku wakaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Deni lipo, na wanaodaiwa ni wao. Mtu akikuambia kwamba bani lako la Kaliua, hilo jumba la kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni, ndilo linaloharibu hali ya hewa ya dunia, mwambie aanzie kwake.

Ila umesema maneno mawili kwa pamoja, "tukate, tutajirike", na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Nimekuwa bwana misitu mkoani Tabora zaidi ya miaka thelathini mpaka nilipostaafu. Miti nimeiona ikikatwa, Sikonge, Urambo, Uyui, mpaka huko kwenu. Mkulima aliyetajirika kwa kuikata ndiye niliyemtafuta nikamkosa.

Nikueleze usiku mmoja. Ilikuwa mwezi wa tatu, niko Urambo kwa kazi ya kupima msitu, gari likaharibika, nikalala kwenye familia moja iliyokuwa inakausha tumbaku. Unaijua kazi hiyo kuliko mimi, lakini wengine wanaosoma hapa hawaijui, kwa hiyo niwaeleze. Tumbaku ya mvuke haiachwi peke yake. Majani yakishafungwa kwenye fito na kupangwa ndani ya bani, moto unaanza mdogo, joto la nyuzi 35 hadi 40, mpaka jani ligeuke njano. Kisha unaongezwa taratibu jani likauke, halafu unapandishwa mpaka karibu nyuzi 70 ili kikonyo kikauke. Ni kama wiki nzima, mchana na usiku. Moto ukizima usiku wa manane, rangi inaharibika, na daraja linashuka siku ya soko. Kwa hiyo mama na kijana wake mkubwa walikuwa wanapokezana. Mama akilala kwenye mkeka pembeni ya mdomo wa jiko, mtoto mdogo mgongoni, kijana anasukuma gogo la mtundu ndani. Kila baada ya muda anachungulia kipimajoto kwa tochi ya simu.

Baba yao alirudi na mkokoteni wa kuni saa mbili usiku, ng'ombe wamechoka. Aliondoka alfajiri. Akaniambia alipooa, kuni za bani alikuwa anazikata nyuma ya nyumba, mkewe akimwita kula anasikia.

Tukakaa, nikatoa daftari, nikamwuliza gharama za msimu. Mbolea anaijua bei yake mpaka mfuko wa mwisho, maana AMCOS, chama chao cha ushirika, inamkata kwenye malipo. Dawa anaijua. Vibarua wa kupalilia na kuvuna anawajua. Nyuzi za kufungia, anajua. Nikauliza: na kuni? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya hewa. "Kuni ni za Mungu, bwana misitu."

Jibu langu kwako limo humo. Katika kila kitu kinachoingia kwenye robota la tumbaku, mti peke yake ndio hauna bei. Mbolea ikipanda, chama kinalalamika, bei ya kilo inajadiliwa upya. Mti ukipungua, hakuna anayejadili chochote, unachofanya ni kwenda mbali zaidi na mkokoteni. Tuseme, kwa mfano tu, bani moja linakula mikokoteni arobaini kwa msimu, na mkokoteni mmoja wa kuni Tabora mjini unauzwa elfu thelathini. Hiyo ni milioni moja na laki mbili ambayo haikuandikwa popote. Weka idadi yako na bei ya kwenu, uone inatoka ngapi. Kisha jiulize fedha hiyo imekwenda kwa nani. Wewe hukuilipa, kwa hiyo hukuidai. Mnunuzi hakudaiwa, kwa hiyo hakuilipa. Tumbaku ikasafiri kwenda nje kwa bei ambayo ndani yake msitu wa kijiji chako ulitolewa bure. Msimu wa 2022/23 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 120,000 za tumbaku, na mkoa wetu ndio unaoongoza. Fikiria kuni zilizokausha mzigo huo.

Na bado sijagusa shamba. Tumbaku inaichosha ardhi upesi, minyoofundo, viminyoo vinavyokula mizizi, inajaa humo, mkulima anahamia eneo jipya. Huko hakati tu, anang'oa na visiki.

Hapo niweke jambo ambalo watu wa semina wanalichanganya. Mkaa unalaumiwa kuliko haki yake. Miombo yetu ni miti migumu ya kufa: mtundu ukikatwa na kisiki kikaachwa, mvua za kwanza tu kinachipua, na machipukizi yakilindwa moto na ng'ombe, ndani ya miaka ishirini na kitu una msitu tena. Mchoma mkaa anayekata kwa zamu na kuacha visiki anaumiza msitu, lakini hauui. Shamba linaua. Ndiyo maana kule Kilosa, Morogoro, vijiji vilipangiwa kuvuna mkaa kwa vitalu, kitalu kimoja kinavunwa, vingine vinapumzika, na ushuru ukaingia kwenye mfuko wa kijiji. Ubaya wa mkaa wa kwetu ni tanuru la udongo lisilosimamiwa vizuri, ambalo sehemu kubwa ya mti inapotea kwa moshi, na kwamba mchomaji hamlipi mtu yeyote kijijini.

Sasa turudi kwa Wazungu wako. Ni kweli walikata. Lakini Uingereza ilipoanza kujenga viwanda, misitu yake mingi ilikuwa imeshakwisha zamani, na kilichoiendesha ni makaa ya mawe, chuma, mashine, na mali iliyotolewa kwenye nchi kama zetu. Kukata peke yake hakukumtajirisha mtu. Waswidi nao walikata sana kwa ajili ya mbao na kuyeyushia chuma, wakaona inakwisha, na mwaka 1903 wakatunga sheria kwamba anayekata lazima ahakikishe msitu unarudi. Leo ni nchi tajiri na bado inauza mbao na karatasi dunia nzima. Kwao mti uliwekewa bei na kupewa mwenyewe kabla haujaisha. Ukitaka mfano wa kufuata, fuata huo.

Mfano wa kukata kwanza na kufikiri baadaye hatuna haja ya kuufuata Ulaya, upo Urambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Wakaleta matrekta, mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita, wakasukuma miombo chini kwa maelfu ya ekari ili Uingereza ipate mafuta ya kula. Udongo na mvua hawakuvipima sawasawa. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na paundi zaidi ya milioni 35 zimepotea. Urambo ikabaki na mashamba yaliyofyekwa, ndipo tumbaku ikaingia. Wazee wa huko waliokuwa watoto wakati ule walinionyesha mahali matrekta yalipopita. Msitu ulikwenda, karanga hazikuja, na fedha za Urambo zilizopatikana kwa kukata huko sijui uziite nini.

"Baadaye" nayo ina bei, na majirani zetu wa Shinyanga wameilipa. Tangu enzi za mkoloni miti ilifyekwa kule kuua mbung'o, kupanua pamba na malisho. Ikafika mahali akina mama wanapikia kinyesi cha ng'ombe. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichofanya kazi kuliko vyote ni kitu cha Wasukuma wenyewe, ngitili: eneo linafungwa msimu wa mvua, nyasi na visiki vinapumzika, linafunguliwa kiangazi. Hekta zaidi ya laki tatu zikarudi kuwa kijani. Ni kazi ya kujivunia, na Nzega na Igunga nao wanayo ngitili. Lakini ilichukua miaka karibu ishirini, na wakati inafanyika, malisho hayakutosha, familia nyingi zikahama na ng'ombe zao kuja kusini. Unajua walikofikia. Wapo Kaliua, na wengi ni majirani zako wema. Msitu uliokwisha kwao ndio ulioleta shinikizo kwenye msitu wa kwenu. Msitu wenu ukiisha, ninyi mtahamia wapi? Kusini ya Kaliua kuna Ugalla, na zaidi ya hapo Katavi.

Kuhusu mvua nitakuwa mkweli kwako. Watu wa semina wanapenda kusema "mkikata miti mvua haitanyesha". Mvua ya Tabora inaletwa na mambo makubwa kuliko msitu wa kijiji kimoja. Kinachotokea mti ukiondoka ni kwamba mvua ileile ikinyesha haizami, inakimbia juu ya udongo, inaondoka na mbolea uliyoikopa, inakwenda kujaza mchanga kwenye mito inayoingia Malagarasi. Na jua la Oktoba linapiga udongo uchi. Hayo yanakugusa wewe mwenyewe, hata kama dunia nzima ingekuwa haipati joto.

Sera za nchi sasa. Serikali imeahidi chini ya Mkataba wa Paris kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, kulinganisha na hali ambayo ingekuwepo kama hakuna kilichofanyika. Kwa kuwa hatuna viwanda vingi, sehemu kubwa ya hewa ukaa yetu inatoka kwenye miti, kwa hiyo ahadi hiyo iliyoandikwa Dodoma inaangukia kijijini. Takwimu za serikali zenyewe zinasema tunapoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka. Kuna mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa. Ni mkakati mzuri kwa mji. Mtungi wa gesi utapunguza mkaa unaoshuka kwa treni, na utawaokoa akina mama na moshi, jambo ambalo peke yake lingetosha. Lakini hauingii kwenye bani. Huwezi kukausha tumbaku kwa mtungi wa kilo sita.

Kuhusu kupanda miti nina uchungu, niache niuseme. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Tabora mvua zinaanza Novemba na mwezi wa nne zinaaga. Ukipanda mche Aprili, unaupanda ili ukutane na kiangazi cha miezi sita, mchwa, na ng'ombe. Nimesimama kwenye sherehe hizo miaka mingi, tunapiga picha, mwezi wa nane narudi nakuta vijiti vikavu vimejipanga mistari. Ukitaka mikaratusi au mijohoro yako ya bani ikue, andaa kitalu mwezi wa saba, panda Desemba mvua ikishakolea, palilia mara mbili, na zungushia njia ya moto kabla ya Juni. Ekari moja iliyotunzwa inazidi miche elfu kumi ya kwenye ripoti.

Sheria iliyo bora kuliko yote kwa kijiji chako haijatungwa kwa ajili ya tabianchi kabisa. Ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ikisaidiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Karibu nusu ya misitu ya Tanzania iko kwenye ardhi za vijiji. Sheria inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji, kuunda kamati ya maliasili, kutunga sheria ndogo, kutoza faini, kuvuna kwa mpango na kuuza, mapato yakabaki kijijini. Kilwa vijiji vilifanya hivyo kwa mpingo wao. Msitu wa ardhi ya kijiji ambao haujatengwa ni wa kila mtu mwenye shoka, na lori la mninga au mkurungu likipita usiku, huna pa kusimamia kulizuia.

Na hapo ndipo hoja yako ya deni la Wazungu inapoweza kugeuka fedha. Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vijiji vinane vinavyozunguka milima ya Ntakata vilitenga misitu yao na sasa vinauza kaboni: kampuni za nje zinalipia hewa ukaa iliyobaki ndani ya miti. Wamejenga zahanati na madarasa kwa mabilioni ya shilingi yaliyoingia. Hawakuombwa wahifadhi kwa hisani, wanalipwa. Kanuni za biashara hiyo zipo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kuratibu kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Ila usikimbilie. Nimesoma mikataba ya kaboni iliyoletwa vijijini na mingine niliirudisha. Uliza miaka mingapi, maana thelathini ni maisha ya mwanao. Uliza tani moja inauzwa bei gani huko nje na kijiji kinapata ngapi, kisha wakuandikie, wasikuambie kwa mdomo. Uliza kama mtaendelea kuokota kuni za jikoni, kulina asali, kuchimba dawa, kupitisha ng'ombe. Uliza moto ukiunguza msitu nani anabeba hasara. Mkataba wote usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ukurasa kwa ukurasa, hata kama itachukua siku mbili. Mwenyekiti na mtendaji hawana ruhusa ya kuuza msitu wenu wakiwa ofisini wawili.

Na kabla ya kaboni mna nyuki. Asali ya Tabora inatafutwa Dar es Salaam kwa jina. Inatoka kwenye maua ya miombo hiyohiyo, na mti unabaki umesimama. Achaneni na mizinga ya magome, inaua mti mzima kwa mzinga mmoja. Chuo cha Nyuki kiko hapahapa Tabora, watawaonyesha ya mbao. Sikudanganyi kwamba asali italipa ada yote mwaka wa kwanza. Itaanza kulipa kidogo, na tumbaku utaendelea nayo kwa sasa.

Kwa hiyo kuhusu tumbaku yenyewe sikwambii uache. Jenga bani la kisasa linaloziba joto vizuri, ambalo linakubali matawi badala ya magogo. Na kwenye kikao cha AMCOS, mkijadili gharama za uzalishaji, hakikisheni kuni zinaingia kwenye orodha kwa bei yake, sawa na mbolea. Mtabishiwa. Simameni hapohapo, maana kuni zikishaandikwa kama gharama, kupanda ekari moja ya miti kutaonekana ni akiba, na mnunuzi atajua kwamba msitu wa Kaliua una mwenyewe.

Msitu wa kijiji anzeni nao mwezi wa saba au wa nane, malipo ya tumbaku yakiwa yametoka na vitalu vya msimu mpya havijaanza, watu wanakuwa na nafasi. Ulizeni kwanza kama kijiji kina cheti cha ardhi na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kama hakuna, barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kupitia mtendaji wa kata, nakala kwa afisa misitu wa wilaya. Mipaka itembeeni kwa miguu pamoja na wazee wa kijiji jirani na wafugaji wakiwemo, kabla mtu hajaleta kifaa cha kupimia. Mipango mingi niliyoiona ikifa, ilifia mpakani. Nina sheria ndogo za kijiji kimoja cha Sikonge, zimeandikwa kwa Kiswahili chepesi. Ukishapata tarehe ya mkutano mkuu, niandikie nikutumie, mzipitie na kubadilisha yasiyowahusu.